Tororo hadi Malindi (na labda Lamu) kwa gari, pamoja na mama wa miaka 72: naomba ushauri

Mwalimu_Tororo

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tororo. Swali langu ni refu kidogo, nivumilieni.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Enzi za ile Jumuiya ya zamani alihamishiwa Mombasa, akakaa Makupa miaka mitatu, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akarudi Uganda na sanduku la bati na picha moja. Katika picha hiyo amesimama chini ya zile pembe kubwa za ndovu za barabarani, suruali pana, mkono mmoja kiunoni. Mama hakumfuata kule, alikuwa na watoto wawili wadogo na shamba la kulima. Baba alimwahidi kwamba siku moja atampeleka akaione bahari. Miaka ikapita, ada za shule zikapita, kisha baba akafariki. Mwezi uliopita tulikuwa tunamenya mihogo, mama akasema bila kuniangalia: "Hiyo bahari ya baba yako iko mbali kiasi gani?"

Sikulala usiku ule. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, nampeleka.

Gari ni Premio ya kaka yangu, imetunzwa vizuri. Tutakuwa watano: mama, mimi, kaka, na wanangu wawili, wa miaka 14 na 9. Kaka ataendesha, nami nitamsaidia mahali pasipo na malori mengi. Tunataka kufika Mombasa, halafu tupande na pwani ya kaskazini polepole, Kilifi, Watamu, Malindi. Kaka anataka tufike hadi Lamu. Tuna siku kumi na mbili jumla, na pesa za mwalimu.

Maswali yangu ni haya. Njiani tulale wapi ili mama asichoke? Magoti yake hayapendi kukunjwa muda mrefu. Je, gari kuwa na jina la kaka kutatuletea shida mpakani? Lamu inawezekana kwa mtu wa magoti mabovu, au nimkatalie kaka mapema? Na hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi: ni ufuo gani ambao mama anaweza kuingia majini bila kuangushwa na mawimbi? Hajui kuogelea. Anataka tu maji yafike kwenye magoti.

Kuna jambo jingine. Baba alitusimulia mambo mengi ya safari ile nasi tulikua nayo kama hadithi. Kwamba pale Timboroa baridi hufunga vidole. Kwamba aliona ndovu wekundu. Kwamba Nyali alivuka kwa daraja linaloelea, na Kilifi gari likapandishwa kwenye kivuko. Kwamba Malindi kuna nguzo nyeupe yenye msalaba, na maji ya bahari pale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama anayakumbuka yote neno kwa neno. Ningependa kujua ni yapi yaliyobaki ili nisimpeleke kutafuta kitu kisichokuwepo.

Nami pia nina haja yangu. Ninafundisha maneno kama bamvua, jahazi, mikoko kwa watoto waliozaliwa chini ya mwamba wa Tororo, na mimi mwenyewe sijaona hata kimoja.

Trela_Malaba

Mwalimu, pole kwa kuondokewa na mzee. Mimi ni dereva wa trela, mwaka wa 17 sasa kati ya Mombasa na Kampala. Nitasema ya barabarani tu, ya ufukweni wapo wanaojua.

Karatasi kwanza. Kwa kuwa kaka mwenyewe yupo ndani ya gari, jina lake si tatizo. Angebaki nyumbani mngehitaji barua yake yenye muhuri wa wakili. Beba kadi halisi ya gari, si kopi. Bima ya Uganda pekee haitoshi, mwambie wakala wenu awape kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka. Forodha ya Kenya watawapa kibali cha muda cha gari. Msiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe ya mwisho. Nilimkuta baba mmoja Mombasa ambaye siku zake ziliandikwa pungufu na alizoomba, akagundua wakati zimeshakwisha, na likizo yake ikaishia kwenye maofisi. Nyinyi watu wazima kitambulisho cha taifa kinatosha. Watoto watafutieni hati ya kusafiria mapema, na vyeti vyao vya kuzaliwa viwe mkononi. Foleni ya malori Malaba isikutishe, magari madogo hupita pembeni, na siku hizi uhamiaji wa pande zote mbili unamalizika mahali pamoja.

Halafu kavera! Waganda wengi tunanaswa hapo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Gonja na karanga zenu ziwe kwenye kikapu au kitambaa. Na mkitaka kuingia mbuga yoyote, chupa za maji za plastiki za kutupa haziruhusiwi tangu Juni 2020, kwa hiyo mama awe na chupa yake ya bati.

Siku ya kwanza ondokeni asubuhi, Malaba, Webuye, Eldoret, mkalale Nakuru. Baba yako hakudanganya kuhusu Timboroa. Reli pale inapanda zaidi ya mita 2,700, na hata mwezi wa kumi na mbili ukishuka garini asubuhi utatafuta koti. Shali ya mama ikae kwenye kiti, isifungiwe kwenye buti. Baada ya Mau Summit unaanza mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa. Mwalimu, hapo naomba kaka yako anisikilize kama mdogo wangu. Nimezika marafiki wawili wa mteremko ule. Sasa wamejenga ukuta katikati na watu hawafi kama zamani, lakini mteremko ni uleule. Ashuke kwa gia, asining'inie kwenye breki. Na lori likiwa nyuma yake linawasha taa, asibishane nalo, alipishe. Huenda dereva yule hana breki.

Siku ya pili tokeni Nakuru alfajiri. Msiingie Nairobi mjini: shikeni barabara ya kupita kusini kuanzia upande wa Kikuyu, itawatoa moja kwa moja kwenye barabara ya Mombasa. Laleni Mtito Andei. Ni karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, nyumba za kulala ni nyingi na za kila bei. Usikubali kaka akwambie "tusukume tu tufike Mombasa usiku." Barabara ile ni ya njia mbili, malori ni mkufu, na usiku kuna yaliyoharibika na kuachwa barabarani bila taa, matawi ya miti tu nyuma.

Siku ya tatu ndiyo ya kuangalia dirishani. Kuanzia Mtito Andei hadi kupita Voi mna Tsavo kulia na kushoto. Ndovu wekundu wapo. Udongo wa Tsavo ni mwekundu na wao hujirushia mavumbi mgongoni, hata ndama anakuwa rangi ya tofali. Reli mpya imejengwa juu ya tuta, na chini wameacha mapito ya wanyama, mara nyingi utawaona hapo. Asubuhi jua litawapiga usoni kwa sababu mnaelekea kusini mashariki, kaka avae miwani.

Kisha, kwa mke wa mtu wa reli, simameni Mackinnon Road. Kuna msikiti kando ya reli ya zamani, ndani yake kaburi la Sayyid Baghali, Mpunjabi aliyekuja kujenga reli ile. Madereva wengi husimama pale kuomba dua, Waislamu na wasio Waislamu. Mimi ni Mkatoliki na husimama kila safari. Mzee wako lazima aliijua sehemu hiyo, treni zilipita ubavuni mwake.

Kijana_Ntinda

Kwa nini msiache gari Nairobi, mama apande treni mpya? Tangu 2017 inakwenda Mombasa kwa saa tano hadi sita, kiti kizuri, choo kipo. Magoti yake yatashukuru.

Mwalimu_Tororo

Kijana, asante, nilimuuliza mama hilo hilo. Alisema treni anayoijua yeye ni ile ya baba, na ile haibebi tena abiria kutoka hapa. Anataka barabara ili aweze kusema "simameni" anapotaka. Nadhani ana haki.

Trela, kaka amesoma maneno yako yote mara mbili, na amenyamaza. Asante sana.

Bint_Kibokoni

Dadangu mwalimu, nimesoma nikalia. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, Kibokoni hasa. Nimeolewa Kampala, huu mwaka wa 19, na kila mwezi wa kwanza nakwenda kwetu. Nakuomba usiende Krismasi. Wiki ile pwani yote hujaa watu kutoka Nairobi, chumba cha kawaida hupanda bei mara mbili na Mtwapa gari halisogei. Ukiondoka Tororo tarehe mbili au tatu Januari utaikuta pwani imepumua, na shule zenu bado zimefungwa.

Ngoja nianze na ya marehemu, Mola amrehemu, kwa sababu alisema kweli tupu. Pembe za ndovu zipo, barabara ya Moi, ambayo zamani iliitwa Kilindini. Mpige mama picha palepale. Nendeni Jumapili mapema, magari yakiwa machache, maana pale ni katikati ya barabara. Daraja la kuelea la Nyali nalo lilikuwepo, ila tangu 1980 kuna daraja la zege la kudumu, na ukiwa juu yake mwonyeshe mama upande wa Mji wa Kale, utaona majumba meupe yameinamia maji. Kivuko cha Kilifi kilikoma daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Lakini usimwambie kwamba havipo, ukaishia hapo. Mwambie kaka asimame kabla ya daraja la Kilifi, mshuke upande wa Mnarani, mtazame mkono wa bahari chini. Maji yaleyale ndiyo aliyoyavuka baba yako, na wazee wa pale wanakumbuka foleni za kivuko. Waulize, watamsimulia mama mpaka achoke.

Maji ya rangi ya chai! Hapo nimecheka kwa furaha, kwa sababu aliyesema hivyo aliiona Malindi kwa macho yake. Mto Sabaki unamwaga maji baharini kaskazini kidogo tu ya mji, na unabeba udongo kutoka bara kote huko. Wakati wa kaskazi, yaani Disemba hadi Machi, upepo na mkondo husukuma tope lile kusini, likaja ufukweni Malindi. Wakati wa kusi linakwenda upande wa pili. Kwa hiyo baba yako alikwenda Malindi miezi kama hii yenu. Na kwa sababu hiyohiyo, mama asioge Malindi. Fungeni kambi Watamu, kilomita ishirini na kitu kabla ya Malindi, maji yake meupe, mchanga kama unga wa muhogo.

Sasa sikiliza sana hapa, maana hili ndilo uliloliuliza kwa moyo. Habari si ufuo tu, ni siku na saa. Unafundisha bamvua, vizuri. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hupwa yakaenda mbali sana, mwamba ukabaki wazi, halafu hujaa kwa nguvu. Mtu wa magoti hapaswi kuwa majini wakati wa kujaa kwa bamvua. Wewe mpeleke siku za maji mafu, mwezi ukiwa wa siku saba au nane hivi, au wa ishirini na mbili. Maji hayaendi mbali na hayarudi kwa hasira. Watamu kuna mwamba wa matumbawe mbele, mawimbi makubwa huvunjikia kule nje, ndani panakuwa kama beseni. Ingieni maji yakiwa yameanza kupwa, si yakiwa yanajaa, ili kila dakika kina kipungue. Mwulize mvuvi yeyote saa ya kupwa, atakwambia bila kutazama saa. Mama avae viatu vya raba, kwenye mawe kuna wanyama wa miiba mieusi. Wawili mmshike, mmoja kila upande, na asimame ubavu kwa wimbi, asilipe mgongo.

Siku za bamvua zisikupotee lakini. Hizo wape watoto. Maji yakipwa wanatembea juu ya mchanga mpaka karibu na vile visiwa vya mawe vya Watamu, wanaona kaa, viti vya pweza, samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Hayo ndiyo masomo.

Gede iko hapohapo njia panda ya Watamu. Ni mji wa Waswahili wa kale uliokaliwa tangu karne ya 12 hivi na kuachwa karne ya 17, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, makaburi ya nguzo, yote ndani ya msitu, na kima wanakimbia juu ya kuta. UNESCO waliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2024. Ardhi ni tambarare na kuna kivuli, mama ataweza. Mwalimu, wewe usiende Gede kwa haraka. Simama penye mihrabu ukumbuke kwamba watu waliosali hapo ndio walioikuza lugha unayoiandika ubaoni. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 400 na zaidi, msitu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Na hori la Mida jioni, mikoko unayoitafuta iko hapo, na mwezi wa kwanza kuna maelfu ya ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Malindi pitieni kwa siku moja. Nguzo ya msalaba ipo kwenye rasi, ni ya Vasco da Gama, Wareno walifika pale 1498. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi. Msishangae kusikia muuza nazi akiongea Kitaliano safi, Wataliano wamekaa Malindi miaka mingi. Halafu saa kumi jioni nendeni Marafa, kilomita thelathini na kidogo ndani. Wagiriama hupaita Nyari, maana yake palipobomoka penyewe. Ni bonde la udongo lililochongwa na mvua, meupe, waridi, chungwa, mekundu, na jua likiteremka rangi zinawaka. Mama atakaa ukingoni, watoto washuke na kijana wa kuwaongoza. Chini ni joto, beba maji.

Chakula usiulize hotelini. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Jioni viazi karai kwa ukwaju. Samaki wa kupaka, mkate wa sinia, kahawa tungu na kashata baada ya Isha. Madafu mtayakuta kila kona. Watoto nunueni mabuyu, ila watarudi Tororo na ndimi nyekundu. Na mjini tembeeni na kanga begani, si lazima, lakini mama yako ataitwa "mama" kwa namna nyingine.

Lamu? Nendeni. Kiswahili cha Lamu ukikisikia utasikia maneno unayoyajua kutoka kwenye mashairi yanasemwa na mtoto anayefukuza punda.

Mwalimu_Tororo

Bint Kibokoni, nimemsomea mama ujumbe wako wote kwa sauti. Nilipofika pa chai ya maziwa alinikatiza, akasema "si nilikuambia." Kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda.

Tutaondoka tarehe tatu Januari. Nimeshaangalia kalenda ya mwezi ukutani na kupigia duara siku za maji mafu. Lililobaki ni Lamu. Kaka anang'ang'ania. Kuna mtu wa Uganda aliyekwenda na gari lake?

Sista_Arua

Mimi nilikwenda, mwalimu, na mama mkwe wangu wa miaka 68. Mimi mwenyewe ni muuguzi, kwa hiyo nitazungumzia magoti zaidi ya mandhari.

Lamu ni nzuri, sitaki kumpinga dada wa Kibokoni. Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, hakuna magari, kuna punda, milango ya kuchongwa, na ukimya ambao sikuwahi kuusikia mahali penye watu wengi hivyo. Lakini hesabu vizuri. Kutoka Malindi hadi gati la Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu. Lami ipo, nzuri. Tatizo si lami, ni usalama. Njia ile imewahi kushambuliwa mara kadhaa, sehemu ya kati ya Garsen na Witu na kuendelea. Polisi wana vizuizi na huko nyuma wamekuwa wakisindikiza mabasi. Sisi tuliacha gari Malindi kwenye ua wenye mlinzi, tukapanda basi la asubuhi. Tulishuka mara tatu kuonyesha vitambulisho. Kila mara kushuka na kupanda ngazi za basi, mama mkwe alikuwa ananishika bega kwa nguvu zaidi.

Mokowe ndipo nilipojuta. Boti ya kasi ni dakika ishirini hivi tu, lakini tulifika maji yamekupwa, na boti ilikuwa chini sana ya gati. Ngazi zilikuwa na utelezi wa ukoga wa bahari. Vijana wawili walimbeba, kwa heshima kabisa, ila yeye aliona aibu na goti likavimba usiku kucha. Waliotubebea mizigo walitutoza mara mbili ya tuliyopatana, na kwa sababu ya mama nililipa bila kusema. Ndani ya mji vichochoro vina ngazi na mawe, nyumba ya wageni tuliyopanga ilikuwa na chumba ghorofa ya pili. Siku mbili kati ya tatu alizishinda barazani akiangalia jahazi zikipita. Alifurahi, nakiri. Lakini safari ya kurudi ilikuwa ileile.

Mna siku kumi na mbili. Sita ni za barabara, tatu kwenda na tatu kurudi, kama alivyosema Trela. Zinabaki sita. Lamu itakula tatu. Mama aliuliza bahari ya mume wake, na mume wake alifika Malindi. Mimi ningeishia hapo, kaka akajipangie Lamu yake mwaka mwingine. Kama mkiamua kwenda hata hivyo, iwe mchana tu, muulize polisi Malindi hali ya siku hiyo, mfike Mokowe maji yakiwa yamejaa, na mtafute chumba cha chini karibu na ufukwe wa mji.

La afya: mbu wa pwani wana malaria kama wetu, chandarua kila usiku. Dawa za presha za mama ziwe kwenye mkoba wake, si kwenye sanduku, na joto la Januari ni kali. Kila saa mbili garini simameni, atembee dakika kumi, miguu isivimbe.

Bint_Kibokoni

Sista, umenishinda kwa goti. Sikuwaza ngazi za Mokowe, mimi huziruka tangu utotoni. Mwalimu, mfuate muuguzi. Jahazi mtaziona Mombasa bandari ya kale na Kilifi pia.

Mwalimu_Tororo

Kaka amekubali. Alitaka kubisha, mama akamwambia: "Baba yako hakusema neno lolote la Lamu." Yakaisha.

Mwalimu_Tororo

Nawaandikia kutoka Watamu, tarehe kumi Januari, saa tatu usiku. Wote wamelala.

Trela, tulilala Nakuru na Mtito Andei kama ulivyosema. Mteremko wa Sachangwan kaka alishuka kwa gia ya pili akiwa kimya kabisa. Timboroa mama alishusha kioo, akatoa mkono nje, akaurudisha ndani ya shali. Ndovu tuliona sita baada ya Mtito, wekundu kweli. Mackinnon Road mama alishuka akakaa ndani ya ua wa msikiti karibu nusu saa, akiangalia ile reli ya zamani. Mlinzi alimletea kiti.

Pembe za ndovu tulifika Jumapili saa moja asubuhi. Nilikuwa nimebeba picha ya baba. Mama alisimama palepale, akaniambia nirudi nyuma hatua tatu, kisha akaweka mkono kiunoni.

Leo ndiyo siku niliyoipigia duara. Mvuvi alituambia tungoje hadi maji yaanze kupwa, tukangoja chini ya mvinje. Kaka kulia, mimi kushoto. Maji yalifika vifundoni, akasimama. Yakafika chini ya magoti, akasema inatosha. Watoto walikuwa wanapiga kelele mbele yetu, yeye hakuwaangalia. Aliuliza Mombasa iko upande gani. Nikamwonyesha kusini, tulikotoka. Akageuka upande huo, ubavu kwa wimbi kama ulivyoelekeza, Bint Kibokoni, akainama akachota maji kwa kiganja, akaonja.

"Ni ya chumvi," akasema. "Hilo ndilo tu sikumwamini."

Kesho tunakwenda kwenye nguzo Malindi, halafu Marafa saa kumi. Sista, magoti hayajavimba. Naomba mwenye kujua aniambie mahali pa kununua mkeka wa mwaa Malindi kwa bei ya haki, mama anataka wa kuweka chini ya ile picha.

Bint_Kibokoni

Soko la mjini, Malindi, kwa akina mama wa Kigiriama wanaokaa chini nje, si madukani. Nendeni asubuhi. Mwambie mama achague mwenyewe, wa rangi tatu ndio unaodumu.